Gnuplot Inapozimika Baada ya Kupandisha Toleo la Ubuntu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali ninayoletewa kuhusu Gnuplot, programu ya kuchora grafu kwa amri za kuandika, kila watu wanapopandisha toleo la Ubuntu yamekuwa ya namna moja, hata nimeona ni afadhali niyajibu yote mahali pamoja. Mwanafunzi wa Langoni huja na tarakilishi iliyokuwa ikichora grafu za maji kujaa na kupwa bila taabu mwaka mzima, na sasa kila akiandika `plot` dirisha huchomoza na kutoweka papo hapo. Karani wa BMU (kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo) kutoka Kizingitini ana uzani wa samaki wa mwezi mzima ameshaunakili kutoka daftarini, grafu inatakiwa mkutanoni kesho, na Gnuplot haimjibu ila `Segmentation fault (core dumped)`. Wote wawili huwa wameshakata shauri kabla ya kunifikia kwamba watafuta kila kitu na kuweka Ubuntu upya. Nakuomba usifanye hivyo. Karibu tarakilishi zote za namna hii nilizozishughulikia zilipona bila kufutwa faili hata moja ya mwenyewe, na nyingi hazikuhitaji zaidi ya nusu saa.

Mwongozo huu ni wa watumiaji wa Ubuntu na mifumo iliyojengwa juu yake, kama Linux Mint.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kuanza

Gnuplot ina pande mbili. Upande wa kwanza husoma data na kufanya hesabu, na upande wa pili huonyesha mchoro, ama kwenye dirisha ama ndani ya faili ya picha. Upande huu wa pili ndio Gnuplot yenyewe huuita terminali, kwa hiyo usiuchanganye na lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ambalo humu nitaliita dirisha la amri. Dirisha la terminali ya `qt` huendeshwa na programu nyingine ndogo, `gnuplot_qt`, inayotegemea maktaba za Qt, yaani faili za pamoja ambazo programu nyingi huzitumia kuchora madirisha.

Upande wa hesabu umekomaa, kwani Gnuplot iliandikwa mwaka 1986 na Thomas Williams na Colin Kelley na imekuwa ikirekebishwa tangu wakati huo, na ni nadra uboreshaji wa mfumo kuuvuruga. Kinachovurugika ni upande wa kuonyesha, kwa sababu maktaba za madirisha hubadilishwa zote kwa pamoja. Ubuntu 20.04 ilikuwa na Gnuplot 5.2 na kwa kawaida ilichora skrini kwa Xorg, mfumo wa zamani wa madirisha; Ubuntu 22.04 ina Gnuplot 5.4 na kwa tarakilishi nyingi hutumia Wayland, mfumo mpya wa kazi hiyo; Ubuntu 24.04 ina Gnuplot 6.0. Aliyepanda kutoka ya kwanza hadi ya mwisho amebadilishiwa karibu kila kitu kilichoko kati ya hesabu yake na kioo chake. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kujua ni upande upi ulioharibika kabla ya kugusa chochote.

Unachohitaji

Kwanza, nakala ya data na hati zako za `.gp`, yaani faili za amri za Gnuplot, kwenye flashi. Hakuna hatua humu inayofuta data, lakini mtu mwenye haraka hukosea herufi, na rekodi za miezi sita za ufuoni haziandikiki tena.

Pili, neno la siri la msimamizi wa tarakilishi. Ikiwa mashine ni ya shule au ya ofisi, mwombe mwenye dhamana akae nawe.

Tatu, intaneti kwa hatua ya 3 na ya 8 tu. Amri ya `apt`, inayoweka na kuboresha programu, hutaja ukubwa wa mzigo kabla ya kuupakua, nawe usome mstari huo kabla ya kukubali, hasa kama unatumia bando la simu. Anayeishi mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha anaweza kufika mjini, akatumia `sudo apt install --reinstall --download-only gnuplot-qt gnuplot-data` ili kupakua tu, kisha akamalizia kazi nyumbani.

Nne, betri iliyojaa. Sababu utaiona katika hatua ya 3.

Hatua

1. Hakikisha kwamba programu imezimika kweli. Robo ya waliokuja kwangu wakilalamika hawakuwa na tatizo lolote la kuzimika. Hati ya Gnuplot ikifika mstari wa mwisho, programu hufunga kazi na kuondoka na dirisha lake, kwa hiyo grafu huonekana kwa kufumba na kufumbua. Endesha hivi:

   `gnuplot -persist grafu.gp`

   Dirisha likibaki, umemaliza. Unaweza pia kuongeza `pause mouse close` mwishoni mwa hati ili Gnuplot ingoje mpaka ulifunge dirisha mwenyewe.

   Ikiwa bado linatoweka, endesha hati na uulize namba ya kutokea, yaani namba ambayo programu huiacha inapoondoka:

   `gnuplot grafu.gp 2> kosa.txt; echo $?`

   Namba 0 maana yake programu imemaliza kwa amani. Namba 139 maana yake imegusa kumbukumbu isiyokuwa yake ikazimwa. Namba 134 maana yake imejizima yenyewe baada ya kugundua hitilafu, jambo ambalo maktaba za Qt hulifanya zikikosa njia ya kufungua dirisha. Namba 137 maana yake imeuawa kutoka nje, mara nyingi na mfumo wenyewe kwa upungufu wa kumbukumbu. Namba 127 maana yake haikuanza kabisa, ama kwa kuwa haipo, ama kwa kuwa imekosa maktaba inayoihitaji. Andika namba hiyo daftarini, kwani itatufaa hadi mwisho.

2. Soma `kosa.txt` yote, na uanze na mstari wa kwanza. Kosa la kawaida hapa ni kupiga picha ya mstari wa mwisho na kumtumia mtu kwenye simu. Mstari wa mwisho husema tu kwamba programu imekufa, na mara nyingi aliyeiua anatajwa mistari mitano au sita juu yake. Ihifadhi faili hiyo kwa jina jingine kabla ya kuendelea, maana ukirudia amri ya hatua ya 1 itaandikwa upya.

3. Maliza uboreshaji uliokatika. Huku kwetu umeme hukatika bila taarifa, na uboreshaji wa Ubuntu huchukua muda mrefu. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku mbili nikitafuta kosa ndani ya Gnuplot, kumbe umeme ulikatika usiku wakati vifurushi vinawekwa, na nusu ya maktaba za Qt zilikuwa mpya na nusu za zamani. Tangu siku ile hatua hii huja kabla ya uchunguzi wowote:

   `sudo dpkg --configure -a`
   `sudo apt --fix-broken install`
   `sudo apt update`
   `sudo apt full-upgrade`

   Kisha uzime tarakilishi na kuiwasha upya. Kufunga kifuniko na kukifungua hakutoshi, kwa sababu programu zilizokuwa zikiendelea hubaki zimeshikilia maktaba za zamani.

   Onyo: ikiwa `apt` itakuorodheshea vifurushi vingi itakavyoviondoa, usikubali kabla ya kuisoma orodha. Ukiona `ubuntu-desktop` miongoni mwao, jibu hapana, ukaombe msaada kwanza.

4. Tenga hesabu na dirisha. Hii ndiyo hatua iliyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo wanaoanza huiruka. Andika:

   `gnuplot -d -e "set terminal dumb; plot sin(x)"`

   Terminali ya `dumb` huchora kwa herufi na vistari ndani ya dirisha la amri lenyewe, bila kufungua dirisha lolote. Mchoro wake haupendezi, lakini ukiuona wimbi likipanda na kushuka, umejua kwamba hesabu iko salama.

   Sasa jaribu picha. Fungua faili mpya uiite `jaribio.gp` na uandike:

   `set terminal pngcairo size 900,500`
   `set output "jaribio.png"`
   `set samples 1000`
   `set xlabel "Saa"`
   `plot [0:360] 2 + cos(2*pi*x/12.42) + 0.5*cos(2*pi*x/12) title "Maji ya majaribio"`
   `set output`

   Iendeshe kwa `gnuplot -d jaribio.gp`, kisha ufungue picha `jaribio.png`. Nimechagua mfano huu makusudi, kwa sababu hauhitaji faili ya data na jibu lake kila mtu wa pwani analijua kwa macho. Namba 12.42 ni saa za mzunguko wa maji unaoletwa na mwezi, na 12 ni za ule unaoletwa na jua. Mizunguko hiyo ikipatana unapata bamvua, na ikipishana unapata maji mafu. Katika saa 360, ambazo ni siku 15, utaona mawimbi makubwa mwanzoni, yakipungua kuelekea mwisho wa juma la kwanza, kisha yakirudi kukua. Ukiona umbo hilo, Gnuplot yako inahesabu sawasawa. Vimo nilivyoviweka ni vya kujaribia programu tu. Mtu asije akapanga safari ya kupita mkondo wowote kwa grafu hii.

   Usiache `set output` ya mwisho, ile isiyofuatwa na kitu. Ndiyo inayoifunga faili, na anayeisahau ndani ya kikao kilicho wazi hukuta picha tupu akadhani programu imeharibika.

   Ukifika hapa una jibu. Ikiwa `dumb` na `pngcairo` zote zinafanya kazi, hitilafu iko kwenye dirisha, na yule karani mwenye mkutano kesho anaweza kutengeneza grafu zake zote kama picha usiku huu huu, matengenezo yakasubiri. Ikiwa `dumb` inafanya kazi lakini `pngcairo` haifanyi, hatua ya 6 na ya 8 ndizo zako. Ikiwa hata `dumb` inazimika, anza na hatua ya 6.

5. Weka kando mipangilio ya zamani. Herufi `-d` uliyoitumia hapo juu huiambia Gnuplot isisome mipangilio yako. Ikiwa programu hufanya kazi ukiitumia na huzimika usipoitumia, kosa liko kwenye faili ya `.gnuplot` iliyofichika nyumbani kwako. Ibadilishe jina, usiifute:

   `mv ~/.gnuplot ~/.gnuplot.zamani`

   Fanya vivyo hivyo kwa folda ya `~/.config/gnuplot` ikiwa ipo. Kisha urudishe mistari yake mmoja mmoja mpaka umpate mkosaji. Mara nyingi huwa ni mstari wa `set terminal` unaotaja terminali ambayo toleo jipya halinayo.

6. Tafuta kama una Gnuplot mbili. Andika:

   `type -a gnuplot`

   Inayowekwa na Ubuntu hukaa `/usr/bin/gnuplot`. Ukiona na nyingine katika `/usr/local/bin`, basi wewe au aliyekuuzia tarakilishi aliwahi kuijenga kwa mkono, na hiyo haikuguswa na uboreshaji. Inatafuta maktaba ambazo mfumo umeshaziondoa, na ndiyo asili ya ujumbe kama `error while loading shared libraries: libreadline.so.7`, kwani Ubuntu ilihamia toleo la 8 la maktaba hiyo tangu 20.04. Thibitisha kwa:

   `ldd /usr/local/bin/gnuplot | grep "not found"`

   Kosa linalofanywa na wengi ni kutengeneza kiungo cha bandia, yaani kuipa maktaba mpya jina la ile ya zamani ili programu idanganyike. Huenda ikawaka, lakini itakuja kuzimika katikati ya kazi, na wakati huo hutajua kwa nini. Ondoa ile ya zamani kwa kuibadilisha jina, kisha andika `hash -r` ili dirisha la amri lisahau njia iliyokuwa imeikariri.

7. Angalia unaiendeshea wapi. Hatua hii huwashangaza watu, kwani programu ileile huweza kufanya kazi ndani ya dirisha moja la amri na kuzimika ndani ya jingine. Kila dirisha la amri hubeba vigezo vyake vya mazingira, na Gnuplot huvirithi. Vitazame:

   `env | grep -E "LD_LIBRARY_PATH|QT_|GTK_PATH|GNUTERM|GNUPLOT"`

   Kuna hali tatu ninazozikuta mara kwa mara. Ya kwanza ni ya wanaotumia VS Code, programu ya kuandikia hati, iliyowekwa kwa njia ya snap na kuendesha Gnuplot kutoka ndani yake. Wao hupata ujumbe unaotaja `/snap/core20` na `undefined symbol: __libc_pthread_init`. Sababu ni kwamba snap huja na maktaba zake na kuielekeza Gnuplot kwenye hizo badala ya za mfumo. Dawa yake ni:

   `unset GTK_PATH`

   kisha uendeshe tena, au uache kabisa kuendeshea humo na utumie dirisha la amri la kawaida.

   Ya pili ni ya wenye Anaconda, mkusanyiko wa programu za Python, ambayo huja na Qt yake. Andika `conda deactivate` na ujaribu tena. Ya tatu ni ya wale walioweka `LD_LIBRARY_PATH` au `GNUPLOT_DRIVER_DIR` ndani ya `~/.bashrc` miaka iliyopita kwa ushauri wa mtu na wakasahau. Kigezo hiki cha pili huiambia Gnuplot mahali ilipo `gnuplot_qt`, na kikielekeza kwenye folda ya zamani, hesabu ya toleo jipya itazungumza na dirisha la toleo la zamani, wasielewane. Uweke alama ya `#` mbele ya mstari huo, ufunge dirisha la amri na kufungua jipya.

8. Weka upya kifurushi cha Gnuplot peke yake. Ikiwa bado, sasa ndipo tunapopakua:

   `sudo apt install --reinstall gnuplot-qt gnuplot-data`

   Halafu tazama jina `gnuplot` linaelekea wapi:

   `readlink -f /usr/bin/gnuplot`

   Likijibu `gnuplot-nox`, hiyo ni ile isiyokuwa na dirisha kabisa, nawe ulikuwa ukiidai kisichokuwamo. Chagua nyingine kwa `sudo update-alternatives --config gnuplot`.

9. Shughulikia dirisha lenyewe. Hapa wanafika wale ambao picha zinatoka vizuri lakini dirisha linakufa. Jaribu kwanza kuilazimisha Qt itumie njia ya zamani ya skrini:

   `QT_QPA_PLATFORM=xcb gnuplot`

   Ikifaulu, tatizo lilikuwa kati ya Qt na Wayland, na unaweza kuandika `export QT_QPA_PLATFORM=xcb` mwishoni mwa `~/.bashrc`. Ujue tu kwamba mstari huo utazihusu programu zote za Qt utakazozianzisha kutoka hapo. Isipofaulu, ingia Gnuplot na uandike `set terminal` peke yake, nayo itakuorodheshea terminali zote ilizonazo. Ukiona `wxt` au `x11`, ijaribu. `X11` haina urembo lakini haitegemei Qt hata kidogo. Iliyokufaa uifanye ya kudumu kwa kigezo cha `GNUTERM`, kwa mfano `export GNUTERM=x11`.

   Njia ya mwisho, kwa matoleo ya Ubuntu ya kabla ya 25.10 tu, ni kutoka nje ya akaunti yako, na kwenye ukurasa wa kuandika neno la siri ubonyeze alama ya gurudumu na uchague Ubuntu inayotumia Xorg. Tarakilishi kadhaa kuukuu zimepona kwa hatua hiyo moja tu, na sioni aibu yoyote kuzibakisha hapo.

Ikiwa bado kuna tatizo

*Namba ya kutokea ni 137, au umeona neno `Killed`.* Kumbukumbu imekwisha. Toleo jipya la Ubuntu lenyewe linaweza kula kumbukumbu zaidi ya lile la zamani, kwa hiyo faili iliyokuwa ikipita kwa shida sasa haipiti. Funga kivinjari, kisha upunguze nukta: `plot "maji.csv" every 10` huchukua nukta moja kati ya kumi, na kwa vipimo vya kila dakika macho hayatatambua tofauti.

*Inazimika kwa faili moja tu.* Igawe. `head -n 500 uzani.csv > sehemu.csv` itakupa mistari 500 ya mwanzo. Ikichorwa salama, ongeza; ikizimika, punguza kwa nusu. Kwa kugawa mara chache utaufikia mstari wenye kosa, hata kama faili ina maelfu.

*Gnuplot inasema `Skipping data file with no valid points` au `x range is invalid`.* Huku si kuzimika. Haikuielewa data yako. Kwa faili yenye mikato, weka `set datafile separator ","`. Na kwa tarehe, weka `set xdata time` pamoja na `set timefmt` inayolingana na jinsi ulivyoziandika, kwa mfano `"%Y-%m-%d"`. Mikono miwili ikijaza daftari moja, mmoja huanza na siku na mwingine na mwaka, kwa hiyo kagua safu nzima ya tarehe.

*Grafu inachorwa lakini tarehe zimesogea miaka 30.* Hati yako iliandikwa enzi za Gnuplot 4, iliyokuwa ikihesabu sekunde kuanzia mwaka 2000, ilhali tangu toleo la 5 huhesabu kuanzia 1970. Tafuta namba 946684800 ndani ya hati na uiondoe.

*Umepita hatua zote na hata `dumb` inazimika.* Hapo nakubali kwamba huenda ni kosa la programu, na linastahili kuripotiwa. Chukua ushahidi kwanza:

`gdb -batch -ex run -ex bt --args gnuplot -d jaribio.gp`

Nakili yote yatakayoandikwa, uyaambatanishe na jibu la `gnuplot --version`, toleo la Ubuntu ulilotoka na ulilofikia, namba ya kutokea, na hati fupi kuliko zote inayosababisha kuzimika. Kosa la kifurushi cha Ubuntu huripotiwa kwa amri ya `ubuntu-bug gnuplot-qt`, na la Gnuplot yenyewe hupelekwa kwenye ukurasa wake wa SourceForge. Usiambatanishe faili ya BMU yenye majina ya wavuvi. Badilisha majina kwa namba kabla ya kuituma popote.